Mululuza Uachwe Uchanue
Kwa wenye bustani, nyua za boma na mizinga ya nyuki, Masese, Jinja

Mululuza hauna haja ya kutambulishwa Masese. Ndio ule ambao Tanzania wengine huuita mtukutu. Majani yake machungu huchemshwa kwa homa na maumivu ya tumbo, na fito zake huzungushwa boma. Faida yake nyingine tunaifyeka kwa panga kabla haijaonekana: maua.

Maua hayo ni meupe, madogo, yenye harufu nzuri, na hukaa kwenye ncha za matawi. Kwa hiyo ua unaopunguzwa kila mwezi hauchanui kamwe. Ethiopia, ambako huitwa grawa, wafugaji huuthamini kwa asali yake.

Hata asiye na mzinga anafaidi, maana nyuki wanaofuata maua hayo hupita pia kwenye mazao yake. Tazama malenge. Ua dume na ua jike hutoka mbalimbali kwenye mmea uleule, hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo. Ua jike lisipoguswa na nyuki, kile kitunda kichanga hugeuka njano na kudondoka, nasi tunalaumu mbolea. Kahawa ya robusta nayo haizai kwa chavua yake yenyewe. Lazima ipate ya mti mwingine.

Kupanda

Subiri mvua za Machi zishike. Chagua tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba, ukate kipande cha urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Upande wa chini ukate mshazari, usije ukakichomeka kichwa chini. Zika nusu, shindilia udongo. Kwa ua, acha hatua moja kati ya kipande na kipande. Kwa kichaka cha nyuki, hatua tatu. Epuka mahali maji yanapotuama, maana kipande kitaoza. Mvua ikikatika katika wiki za mwanzo, mwagilia. Mizizi ikishashika, kiangazi cha Januari hakiuui. Adui mkubwa ni mbuzi. Zungushia miiba mpaka mmea umzidi kimo.

Kupogoa

Ngoja maua yakauke ndipo upogoe, tena usikate ua wote siku moja: upande mmoja msimu huu, mwingine msimu ujao. Jirani akija kuomba majani ya dawa, mwambie achume ya chini.

Ukilazimika kunyunyizia mboga dawa ya wadudu, fanya hivyo jioni nyuki wakisharudi mzingani, na kamwe usinyunyizie mmea uliochanua.

Kuhusu homa

Sokwe wa Mahale, Tanzania, wameonekana wakitafuna kiini cha fito za mululuza wakiwa na minyoo, kwa hiyo uchungu ule si bure. Lakini malaria ni jambo jingine. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya cha serikali akapimwe siku hiyohiyo, hata kama ameshakunywa majani.