Kifaa cha GPS cha Baiskeli na Mlima: Kichague kwa Saa ya Ukungu

Nilijifunza kuchagua kifaa cha GPS alasiri moja katika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto. Ukungu ulishuka, manyunyu yakaanza, na kioo cha simu niliyoifunga kwenye usukani kikawa kinatii matone badala ya kidole changu. Ramani ilijikuza, ikasogea, kisha ikajifunga. Mbele yangu njia iligawanyika mara tatu, zote matope, zote zina nyayo. Nikachagua moja, nikateremka na baiskeli na mizigo karibu saa nzima, mpaka nilipokutana na mama aliyebeba kuni akaniambia nirudi nilikotoka.

Tangu siku hiyo nina swali moja dukani: kifaa hiki kitanifaa wakati mikono imelowa, miguu imechoka na macho hayaoni hatua kumi mbele? Ukiliuliza kwa dhati, mengi yanayosifiwa kwenye boksi hupoteza uzito, na machache yafuatayo hubaki.

Anza na betri

Kuna vifaa vya aina mbili. Aina ya kwanza hutumia betri za AA, zile ndogo za tochi. Mfano ni Garmin eTrex 32x: huingia betri mbili, na mtengenezaji anaahidi hadi saa 25. Aina ya pili ina betri ya ndani ya kuchaji, kama GPSMAP 67, inayoahidiwa hadi saa 180. Ahadi hizo ni za matumizi ya uangalifu. Ukiacha taa ya kioo ikiwaka, saa zitapungua sana.

Ukienda wiki mbili vijijini, mbali na umeme, AA zina faida kubwa: duka dogo lolote huziuza. Lakini betri za bei ya chini huisha haraka, kwa hiyo beba za kuchaji zilizo bora, na za duka ziwe akiba. Kwa safari ya siku tano au sita, betri kubwa ya ndani inatosha na inapunguza usumbufu. Usiitegemee sana dinamo ya gurudumu: kwenye mlima mrefu unapokwenda mwendo wa mtembea kwa miguu, haitoi umeme wa kutosha kuchaji.

Kwa wapandao Kilimanjaro au Mlima Kenya, adui mwingine ni baridi. Betri za kawaida za alkali hulegea kwenye baridi kali. AA za lithiamu huvumilia zaidi. Kifaa chenye betri ya ndani kilaze nawe ndani ya begi la kulalia.

Jaribu kwa mikono iliyolowa

Vibonyezo vina faida kuliko kioo cha kugusa, kwa sababu hufanya kazi kwenye mvua, jasho, matope na glovu. Ukiwa dukani, vaa glovu, lowesha vidole, kisha jaribu kuweka alama ya mahali ulipo na kuikuza ramani. Halafu toka nje juani ukiwa umezima taa ya kioo. Vioo vya vifaa vingi vya mkononi hutumia mwanga wa jua wenyewe, hivyo husomeka vizuri juani bila kula betri. Hapo ndipo vinapoizidi simu.

Setilaiti: lipia unachohitaji

Ili kujua ulipo na urefu wa mahali, kifaa kinahitaji kusikia angalau setilaiti nne. Mbali na GPS ya Marekani, ipo GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Vifaa vya ghali zaidi husikiliza masafa mawili kutoka setilaiti moja. Faida yake huonekana kwenye mabonde yenye kuta za mwamba na chini ya miti mizito, ambako mawimbi hugonga na kurudi, na kifaa cha kawaida kinaweza kukuweka pembeni ya njia. Kama safari zako ni za mbuga na barabara za vumbi zilizo wazi, tumia fedha hizo kwa betri na matairi.

Dira na barometa

Kifaa kisicho na dira ya ndani hukuonyesha mwelekeo ukiwa unatembea tu. Ukisimama njia panda ndani ya ukungu, mshale wake hauaminiki. eTrex 22x haina dira wala barometa, 32x inavyo. Kwa mlima, ongeza fedha.

Barometa hupima urefu kwa mgandamizo wa hewa, na hufuata vizuri kupanda na kushuka kwako. Irekebishe kila ufikapo mahali ambapo urefu wake unajulikana. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa hiyo usishangae kambini kusoma tofauti ya mita 20 au 30 bila kusogea.

Ramani na namba zake

Kabla ya kulipa, hakikisha kifaa kinapokea ramani za bure za OpenStreetMap na mafaili ya njia ya GPX. Fungua eneo unalokwenda, utazame kama njia za miguu na mistari ya kontua imo.

Ukitumia pia ramani za zamani za serikali za Tanzania au Kenya za kipimo cha 1:50,000, soma maandishi ya pembeni. Nyingi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Usipobadilisha mpangilio kwenye kifaa, utajikuta umekosea kama mita 300 upande wa kaskazini au kusini. Kwenye ukingo wa genge, hizo ni nyingi mno.

Wiki moja kabla ya safari

Pita njia unayoijua, uirekodi, kisha urudi ukiifuata kwenye kifaa peke yake. Kifunge kwa kamba ya usalama, kwa sababu mtikisiko wa mawe hufungua vishikizo. Beba ramani ya karatasi na dira ya sindano.

Na barabarani, weka alama kila njia panda kabla hujachagua upande. Ukikutana na mtu, msalimie na umuulize njia. Kifaa kitakuambia upo wapi, ila habari ya daraja lililobebwa na mvua ya juzi anayo yule mama wa kuni.