Somo: Mfanyakazi wa Supamaketi na Tajiri Asiyeonekana



Katika somo hili tunaeleza kazi ya supamaketi, yaani duka kubwa linalouza kila kitu chini ya paa moja, na lenye matawi katika miji na nchi nyingi. Ndugu aliye kiwandani Hima, au shambani Mubuku, au mchimba chumvi wa Katwe, anaweza kuuliza: jambo hili linanihusu nini mimi?

Linakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vijana wetu wa Kabatoro, Bwera na Kasese wakimaliza shule hupanda basi kwenda Kampala, na baadhi yao hutafuta kazi katika maduka hayo. Pili, sabuni, sukari, unga na chai vinavyotoka mikononi mwenu ndivyo vinavyopangwa katika rafu zao. Duka likianguka, hasara hurudi mpaka mlangoni pa kiwanda.

1. Kazi yenyewe ikoje

Keshia hukaa au husimama mbele ya mashine saa nyingi, akipitisha bidhaa za watu. Jioni huhesabu fedha. Zikipungua, mara nyingi anayedaiwa ni yeye. Mpanga rafu hubeba makatoni tangu stoo hadi dukani, mchana kutwa kwa miguu. Mwoka mikate huanza kazi kabla ya alfajiri. Wakati wa kutoka, wafanyakazi hupekuliwa mifuko. Siku za Krismasi na Idi, watu wengine wanapokula na jamaa zao, wao ndipo wana kazi nyingi zaidi.

Hatusemi kwamba kazi hii haina faida. Mfanyakazi yuko kivulini, na hakuna maji ya chumvi yanayokula ngozi ya miguu kama ziwani kwetu. Anayetoka Katwe akaingia humo huona amepata ahueni. Lakini sakafu inayong'aa isitufanye tusahau kuuliza: mshahara ni kiasi gani, saa ni ngapi, na mkataba uko wapi?

2. Duka moja, waajiri wengi

Ingia dukani uwatazame wafanyakazi kumi. Utadhani wote wana mwajiri mmoja. Sivyo. Mlinzi ameajiriwa na kampuni ya ulinzi. Mfagiaji ameletwa na kampuni ya usafi. Kijana anayepanga sabuni huenda analipwa na kampuni inayotengeneza sabuni hiyo, wala si na duka. Mwingine ni kibarua aliyeletwa na wakala. Keshia peke yake ndiye wa duka.

Watu hawa hushinda pamoja, huchoka pamoja, lakini kila mmoja ana karatasi yake na bosi wake, na wengine hawana karatasi kabisa. Hapo ndipo penye ugumu wa kuandaa chama. Mlinzi akidai, huambiwa aende kwa kampuni yake. Keshia akidai, huambiwa wako wengi nje wanaotaka nafasi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole vimetenganishwa makusudi.

3. Tajiri yuko mbali

Katika kisima cha chumvi mwenye kisima anajulikana. Ukimdai, unajua nyumba yake. Katika duka la matawi, meneja unayemwona ni mwajiriwa kama wewe. Uamuzi mkubwa hukatwa mbali.

Tutazame mifano. Uchumi ya Kenya ilianzishwa mwaka 1975 kwa fedha za mashirika ya serikali. Mwaka 2006 ilishindwa kulipa madeni ikafunga milango, kisha ikafufuliwa. Mwezi wa Oktoba 2015 ilifunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, ambayo mwanzo wake ulikuwa biashara ya magodoro mjini Nakuru, ilifunga maduka yake ya Uganda mwaka 2017, na mwezi wa Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Shoprite ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaondoka Uganda, na Carrefour ikachukua maduka yake sita.

Katika mifano yote mitatu, mfanyakazi wa Kampala hakuulizwa. Habari ilimkuta kazini.

4. Deni linavyosafiri

Sababu za kuanguka ni nyingi, lakini iko moja ambayo kila mfanyakazi wa kiwanda aielewe. Supamaketi haichukui bidhaa kwa fedha taslimu. Huchukua kwa mkopo, na kulipa baada ya mwezi, miezi miwili, au zaidi. Mnunuzi wa mwisho, yaani wewe na mimi, hulipa papo hapo. Kwa hiyo duka hukaa na fedha za viwanda. Badala ya kulipa, hufungua tawi jipya kwa fedha hizo hizo. Mauzo yakipungua, deni hudhihirika. Nakumatt ilianguka ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya.

Viwanda visipolipwa, vibarua wa kiwandani ndio wa kwanza kuambiwa warudi nyumbani. Benki ina dhamana yake. Sheria za kufilisi kampuni huiweka mishahara katika madeni yanayotangulia, lakini kwa kiasi chenye mpaka, na asiye na karatasi atathibitishaje anachodai?

5. Sheria ya Uganda inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki hizi:

(a) Maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na hati ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa.
(b) Saa 48 kwa juma, na siku moja ya mapumziko. Saa za ziada za siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu.
(c) Likizo yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi 4.
(d) Notisi kabla ya kuachishwa: mwezi mmoja kwa aliyetumika kati ya mwaka 1 na miaka 5, na zaidi kwa waliokaa zaidi.
(e) Mwajiri akitaka kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu za kiuchumi, lazima aarifu chama chao, kama kipo, na Kamishna wa Kazi.

Kanuni za mwaka 2011 zinaongeza kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi.

Tazameni lakini mahali sheria iliponyamaza. Kima cha chini cha mshahara ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Leo fedha hiyo ni ndogo mno. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Na malipo ya kuachishwa kazi, sheria imeacha kiasi chake kijadiliwe kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Maana yake ni kwamba pasipo chama, mfanyakazi hujadiliana peke yake, tena siku ambayo duka limekwisha kufungwa.

6. Tufanye nini

Kwanza, kila mzazi amwambie kijana anayekwenda Kampala: usianze kazi bila kujua jina la mwajiri wako halisi. Weka nakala ya mkataba na hati za mshahara nyumbani, si kabatini kazini. Hakikisha makato ya NSSF yanafika. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10.

Pili, tuandae chama kabla ya tatizo. Sisi waandaaji tunajua kwamba watu hutukimbilia milango ikiwa imefungwa, na wakati huo nguvu ya kujadiliana ni ndogo.

Tatu, wa kiwandani na wa dukani wapeane habari. Mwenye duka akianza kuchelewesha malipo kwa kiwanda, keshia ajue mapema. Rafu zikianza kuwa tupu, wa kiwandani ajue mapema.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Mahali penu pa kazi pana waajiri wangapi? Watajeni.
2. Ni wangapi kati yenu wamepita miezi 4 wakiitwa vibarua?
3. Kampuni ikifungwa kesho, kila mmoja ana karatasi gani ya kuthibitisha madai yake?