Homoni za kukoma hedhi: Usimeze moja ukaacha ya pili

Chukulia akina mama wawili, majirani katika mtaa wa Buruburu jijini Nairobi. Wote wamekoma hedhi na wote wanasumbuliwa na joto la ghafla usiku. Wa kwanza alitolewa mfuko wa uzazi miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ya uvimbe. Daktari wake amempa tembe za homoni iitwayo estrojeni na sasa analala vizuri. Jirani yake, ambaye bado ana mfuko wake wa uzazi, anaomba jina la dawa hiyo, anakwenda dukani na kuinunua. Naye anapata nafuu. Baada ya mwaka mmoja hivi anaona damu, na anadhani hedhi imemrudia.

Dawa ni ile ile. Lakini kwa mama wa kwanza ni tiba, na kwa wa pili ni hatari. Makala haya yanaeleza kwa nini.

Kukoma hedhi ni nini?

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu na bila sababu nyingine kama vile mimba. Kwa wengi hali hii hufika kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai, huacha kutengeneza estrojeni kwa kiasi cha kawaida.

Estrojeni inapopungua, mwanamke anaweza kuhisi joto linalopanda kutoka kifuani hadi usoni kwa dakika chache, kulowa jasho usiku, kukosa usingizi, na kupata ukavu na maumivu ukeni. Mifupa nayo huanza kupoteza nguvu.

Si kila joto ni homoni, wala si kila joto ni malaria. Akina mama wengi humeza dawa za malaria mara kwa mara bila kupimwa damu, kumbe ni hedhi inayokoma. Kwa upande mwingine, ukiwa na jasho la usiku pamoja na kikohozi au kupungua uzani, nenda upimwe kifua kikuu. Tiba ya homoni haifai kuanzishwa kwa kubahatisha.

Kwa nini homoni mbili?

Estrojeni ndiyo inayotuliza joto na jasho. Hata hivyo ina kazi nyingine: hukuza utando ulio ndani ya mfuko wa uzazi. Mwanamke anapokuwa bado katika umri wa kuzaa, homoni ya pili, projesteroni, huuzuia utando huo usizidi kunenepa, na mwisho wa mwezi hutoka kama hedhi.

Mwanamke mwenye mfuko wa uzazi akimeza estrojeni peke yake, hakuna kinachouzuia utando huo. Huendelea kunenepa, na baada ya muda seli zake zinaweza kugeuka kuwa kansa. Mwaka 1975 matokeo ya tafiti mbili kutoka Marekani yalionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni pekee walipatwa zaidi na kansa ya mfuko wa uzazi. Kutokana na hayo, madaktari walianza kuongeza homoni ya pili, ambayo kwa jumla huitwa projestojeni. Kazi yake kubwa ni kuulinda mfuko wa uzazi.

Kwa hiyo kumbuka kanuni hii. Aliyetolewa mfuko wa uzazi kwa kawaida hupewa estrojeni pekee. Aliye na mfuko wa uzazi hupewa zote mbili. Hata Novemba 2025, shirika linalosimamia dawa nchini Marekani, FDA, lilipotangaza kwamba litaondoa maonyo kadhaa makali kwenye pakiti za homoni hizi, onyo kuhusu kansa ya mfuko wa uzazi kwa tembe za estrojeni pekee halikuondolewa.

Wapo wanaopewa tembe mbili kisha wakaacha ya pili ili kupunguza gharama, au kwa sababu inawajaza tumbo, kuwaumiza matiti au kuwaharibia furaha. Usifanye hivyo. Mwambie daktari. Anaweza kukubadilishia aina ya projestojeni, au kukuwekea koili yenye homoni, ambayo hulinda mfuko wa uzazi kutoka ndani. Koili ya shaba haina homoni, hivyo haiwezi kufanya kazi hiyo. Ikiwa huwezi kumudu dawa zote mbili, ni heri kuacha zote kuliko kubaki na estrojeni peke yake.

Estrojeni ya kiasi kidogo inayopakwa au kuwekwa ukeni kwa ajili ya ukavu ni jambo tofauti. Kwa kawaida hii haihitaji homoni ya pili.

Usichanganye pia dawa hizi na tembe za kupanga uzazi. Tembe nyingi za kupanga uzazi zina homoni zenye nguvu zaidi, na hazimfai mwanamke aliyepita miaka 50. Nazo homoni za kukoma hedhi hazizuii mimba.

Hatari zake ni zipi?

Utafiti uitwao Women's Health Initiative uliofanywa Marekani ulihusu wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79 waliokuwa na mfuko wa uzazi. Baadhi walipewa tembe zenye homoni zote mbili na wengine tembe zisizo na dawa. Ulisimamishwa Julai 2002. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, walionekana 8 zaidi wenye kansa ya matiti, 8 zaidi wenye kiharusi, 8 zaidi walioganda damu mapafuni na 7 zaidi wenye maradhi ya moyo. Waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, na wenye kansa ya utumbo mpana walipungua kwa 6.

Habari hizo ziliwatisha wengi duniani wakatupa dawa zao. Lakini wengi wa wanawake hao walikuwa wamepita miaka 60. Leo inafahamika kuwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, kwa kawaida hupata faida kuliko madhara ikiwa dalili zinamtesa. Hatari ya kansa ya matiti huongezeka kadiri miaka ya kutumia homoni mbili inavyozidi. Ama kuganda kwa damu, vibandiko na jeli za estrojeni zinazopakwa kwenye ngozi ni salama kuliko tembe.

Nani asitumie?

Kwa kawaida tiba hii haimfai:

- aliyewahi kuwa na kansa ya matiti;
- anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana;
- aliyewahi kupatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo, au kuganda damu miguuni au mapafuni;
- mwenye ugonjwa mkali wa ini.

Mwenye shinikizo la damu anapaswa kulidhibiti kwanza.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa kama vile fenitoini na kabamazepini, hupunguza nguvu ya homoni mwilini.

Ukianza tiba

Kabla ya kuanza, upimwe shinikizo la damu, uchunguzwe matiti, na uulizwe magonjwa ya jamaa zako. Anza na kiasi kidogo kinachotosha kukupa nafuu. Rudi kwa daktari baada ya miezi mitatu, kisha angalau mara moja kila mwaka. Waliokoma hedhi kabla ya miaka 40 kwa kawaida hushauriwa kuendelea hadi umri wa miaka 50 hivi, kwa sababu mifupa na moyo wao huhitaji ulinzi.

Ambaye hedhi yake imekoma karibuni mara nyingi hupewa estrojeni kila siku na projestojeni siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Huyu ataona damu kila mwezi, na hiyo ni kawaida. Aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi bila hedhi huweza kutumia zote mbili kila siku. Matone ya damu katika miezi sita ya kwanza si ajabu. Yakizidi hapo, au yakianza tena baada ya kukoma, nenda uchunguzwe.

Na kwa mwanamke yeyote, awe anatumia homoni au la, damu inayotoka baada ya kukoma hedhi si hedhi iliyorudi. Wengi wanaochunguzwa hawapatikani na kansa, lakini wale wachache wanaopatikana nayo mapema huweza kutibiwa wakapona. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, ukishikwa na maumivu ya kifua, pumzi ikikubana ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wasioweza kutumia homoni zipo dawa nyingine za kupunguza joto, kwa hiyo msivumilie mateso kimya kimya. Lakini kabla ya kulipia dawa yoyote ya homoni, uliza maswali mawili: "Dawa hii ina homoni moja au mbili?" na "Inamfaa mwanamke mwenye mfuko wa uzazi?" Asiyeweza kukujibu maswali hayo asikuuzie dawa hiyo.