SOMO: Kutengeneza Tovuti kwa Wateja Wenye Uwezo



Siku hizi karibu kila kikundi kina kijana mmoja au wawili waliomaliza kidato cha nne au chuo, wanajua kompyuta, na wamekaa tu nyumbani. Kijana huyo akija mkutanoni kuomba mkopo wa kununua kompyuta ili atengeneze tovuti, kamati hutazamana. Ng'ombe wa maziwa wanamjua. Kuku wanawajua. Tovuti je? Somo hili ni la kuwasaidia kupima ombi kama hilo, na pia la kumsaidia kijana mwenyewe asije akachukua pesa za akina mama kwa kazi isiyomrudishia hata nauli.

Tovuti ni kurasa za maandishi na picha ambazo mtu yeyote, popote alipo, akiandika anwani yake kwenye simu zinamfungukia. Mtandao huu wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, huko Uswisi. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na Aprili 1993 kituo hicho kikauachia ulimwengu mzima uutumie bila malipo. Wakati ule mtu wa kutengeneza tovuti ilimbidi aandike maagizo kwa lugha ya kompyuta, mstari kwa mstari, na alama moja ikikosekana ukurasa unaharibika. Baadaye zikaja programu za kurahisisha kazi. WordPress ilitoka mwaka 2003, Wix mwaka 2006, Webflow mwaka 2013. Kwa programu hizi unachagua kiolezo, kama vile fundi cherehani anavyochagua mtindo, unaweka picha mahali pake, unaandika maneno, na ukurasa uko tayari. Lugha ya kompyuta huihitaji.

Hapo ndipo vijana wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani wakijua programu basi wamepata biashara. Wapi! Kama kazi ni rahisi kwako, ni rahisi pia kwa mwingine, na hata mteja mwenyewe anaweza kujaribu Jumamosi jioni akiwa kwake. Kwa hivyo unachouza si kule kubonyeza. Unauza kujua mteja anataka nini, maneno yaliyopangwa vizuri, picha safi, na kuaminika.

Bei ndogo ni mtego

Tuseme kijana anatengeneza tovuti ya duka kwa shilingi 8,000. Inamchukua wiki tatu, siku sita kwa wiki, saa sita kwa siku. Hizo ni saa 108. Gawanya: anapata shilingi 74 hivi kwa saa, kabla hajatoa pesa za bando, stima na matatu ya kwenda kumwona mteja. Tena mwenye duka akibadilisha mawazo mara tano, saa zinaongezeka na bei iko pale pale. Na kusema kweli, duka lenyewe halikuhitaji tovuti. Wateja wake wanapita mbele ya mlango kila siku.

Sasa angalia upande mwingine. Kuna loji yenye vyumba 12, huko Nanyuki, Watamu au kando ya Maasai Mara, na chumba kimoja ni shilingi 30,000 kwa usiku. Wageni wake wengi wanakuja kupitia mawakala wa intaneti, nao mawakala wanakata sehemu yao. Tuseme ni asilimia 15. Hiyo ni shilingi 4,500 kwa kila usiku wa chumba kimoja. Tovuti nzuri ya loji yenyewe ikileta wageni wa moja kwa moja wa usiku 10 tu kwa mwezi, mwenye loji anabaki na shilingi 45,000 ambazo zingekwenda kwa wakala. Kwa mwaka ni shilingi 540,000. Mtu huyu ukimwambia kazi ni shilingi 250,000, hatashtuka, kwa sababu pesa yake inarudi kabla ya miezi sita kuisha. Ukimwambia shilingi 8,000, atashtuka! Atajiuliza una kasoro gani.

Basi tukisema mteja mwenye uwezo hatumaanishi mtu mwenye gari kubwa. Tunamaanisha mteja ambaye mgeni mmoja au oda moja humletea pesa nyingi, na ambaye tovuti mbaya humpotezea pesa hizo. Hoteli ndogo za kifahari ni mfano mmoja. Kuna pia kampuni za safari, wanaouza kahawa au maua nchi za nje, shule za kibinafsi za bweni, na mawakili. Kijana achague aina moja tu kwanza. Akitengeneza tovuti tatu za loji, ya nne atajua maswali ya mgeni hata kabla ya kuambiwa: kiwanja cha ndege kiko umbali gani, kuna maji ya moto, watoto wanaruhusiwa, barabara inapitika wakati wa mvua?

Kumfikia mteja

Watu wanaamini kuwa wateja wakubwa wanapatikana Nairobi tu. Hebu fikirini tena. Kikundi kinachouza mboga, mayai au asali kwenye loji tayari kinamjua mtu wa manunuzi, na mtu wa manunuzi anamjua meneja. Huo ni mlango ambao kijana wa mjini hana. Mama anayepeleka sukuma wiki kila Jumanne na hajawahi kuchelewa anaweza kusema, "Tuna kijana wetu, ningependa umsikilize dakika kumi," na akasikilizwa. Jina lake zuri ndilo linalofungua mlango, kwa hivyo kijana asiende hapo kabla hajawa tayari.

Kuwa tayari ni nini? Ni kuwa na kazi mbili au tatu za kuonyesha. Kama hajapata mteja bado, atengeneze tovuti ya kikundi chenyewe, au ya mwenye nyumba ndogo ya wageni pale sokoni, kwa bei ya chini lakini kwa ubora ule ule kama wa loji. Moja inatosha kufanya hivyo, mbili pia sawa. Ya tatu ilipiwe.

Siku ya kukutana na meneja, asianze kwa kueleza habari za programu. Afungue tovuti ya loji hiyo kwenye simu ya kawaida, wote wawili wakiitazama. Picha zinachukua muda gani kutokea? Nambari ya simu iliyoandikwa inapokelewa? Bei ni za mwaka gani? Mgeni aliyeko Ujerumani anaona wapi pa kuandika tarehe zake? Aulize kwa adabu, asicheke kazi ya mtu. Mara nyingi tovuti hiyo ilitengenezwa na mpwa wa mwenye hoteli, na huenda mpwa ameketi hapo hapo.

Wakati nao una maana yake. Mara, nyumbu huvutia wageni wengi kati ya Julai na Oktoba, na wageni wa ng'ambo hupanga safari miezi mingi mbele. Wakati huo meneja hana nafasi hata ya kunywa chai. Aprili na Mei, mvua ya masika ikinyesha na vyumba vikiwa vitupu, ana nafasi ya kuongea lakini pesa ni kidogo. Kijana mwerevu anaenda wakati wa mvua, anakubali malipo ya kwanza yawe madogo kidogo, na mengine yafuate wageni wakianza kuja.

Mapatano yaandikwe

Kazi ya shilingi 250,000 haifanywi kwa mdomo. Karatasi mbili zinatosha: kurasa ngapi zitatengenezwa, nani ataleta picha na maneno, itakamilika lini, mteja ana ruhusa ya kurekebisha mara ngapi (mara mbili ni haki), na malipo yatakuja vipi. Njia inayofaa ni nusu siku ya kutia sahihi, yaani 125,000. Asilimia 30, yaani 75,000, mteja akishaona kazi ya kwanza. Na 50,000 zilizobaki kabla tovuti haijafunguliwa kwa umma. Kampuni kubwa itataka pia ankara ya eTIMS na nambari ya PIN ya KRA, kwa hivyo kijana asajili jina la biashara mapema kupitia eCitizen. Asiposajili atakubaliwa kazi halafu akwame kwa mhasibu, na wahasibu hawana huruma.

Jambo la anwani tunalikazia. Anwani ya tovuti ya hapa Kenya, kama zile zinazoishia na .co.ke, husimamiwa na KeNIC na hununuliwa kupitia kampuni zilizoruhusiwa kuziuza. Lazima iandikishwe kwa jina la mteja, si la fundi. Vivyo hivyo na akaunti ya programu. Kuna mafundi wanaoandikisha kila kitu kwa jina lao ili mteja asiwakimbie. Huo ni wizi, hata kama hauitwi hivyo. Fundi akihama, akiugua au akifa, loji inapoteza anwani iliyochapishwa kwenye kadi na mabango yake yote.

Tena programu nyingi hizi hulipiwa kwa dola, mwezi baada ya mwezi. Dola 25 kwa mwezi ni dola 300 kwa mwaka. Dola ikiwa shilingi 130, hizo ni shilingi 39,000. Lakini Januari 2024 dola ilifika shilingi 160, na kwa bei hiyo zingekuwa 48,000. Kijana aliyeahidi kulipa mwenyewe angeona faida yake ikiyeyuka. Mteja alipe kwa kadi yake mwenyewe, na aambiwe waziwazi kwamba asipolipa tovuti itazimwa. Aambiwe pia kwamba tovuti iliyojengwa kwa Wix haihamishiki nzima nzima kwenda kwingine, hali ile ya WordPress inaweza kuhamishwa kutoka kampuni moja ya kukodisha nafasi hadi nyingine.

Picha na siri za watu

Mteja wa daraja la juu anauza kwa macho. Picha zipigwe hapo hapo, asubuhi mapema au jioni, vyumba vikiwa vimetandikwa. Kuchukua picha ya watu wengine kwenye intaneti na kuibandika ni kuvunja sheria ya hakimiliki, na mgeni akifika akakuta bwawa la kuogelea si lile aliloliona, hasira yake itaandikwa mahali dunia nzima isome. Baada ya kupigwa, picha zipunguzwe uzito. Picha ya kamera yenye megabaiti 5 ikipunguzwa kwa uangalifu hadi chini ya kilobaiti 300, jicho halitatambua tofauti kwenye simu, lakini ukurasa utafunguka haraka zaidi, hata pale mtandao ni hafifu.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tovuti ikiuliza jina, simu na barua pepe ya mgeni, mwenye tovuti ana wajibu wa kueleza atazitumia vipi na kuzitunza. Kwa shule jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Fundi anayetengenezea shule tovuti aombe hiyo idhini ikiwa imeandikwa, kabla hajapakia picha hata moja.

Baada ya tovuti kufunguliwa

Bei hubadilika, mpishi mpya huja, kambi hufungwa kwa matengenezo. Mtu wa kurekebisha haya anahitajika kila mwezi, na hapa ndipo riziki ya kudumu ilipo. Kijana akiwa na wateja watano wanaolipa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, ana 50,000 hata mwezi ambao hakupata kazi mpya. Lakini lazima apokee simu. Meneja akipiga saa moja asubuhi kwamba sehemu ya kuweka nafasi haifanyi kazi, hawezi kungoja hadi Jumatatu.

Wala si lazima afanye yote peke yake. Mmoja anapiga picha, mwingine anajua Kiingereza kizuri cha kuandika, wa tatu anajenga, wa nne anashika vitabu. Vijana wanne wakiungana hivi wanafanya kazi ambayo mmoja angeifanya vibaya.

Kuhusu mkopo wenyewe, maoni yetu ni kwamba kamati isitoe pesa mkononi. Kikundi kinunue kompyuta iliyotumika iliyo katika hali nzuri, ibaki mali ya kikundi hadi deni liishe, na iandikwe kwenye daftari la mweka hazina kama ng'ombe anavyoandikwa. Kabla ya hapo kijana alete kwenye mkutano tovuti moja aliyoitengeneza, hata kama ni kwa kompyuta ya kuazima, na majina ya wateja watano anaotaka kuwaendea, akieleza kila mmoja anapoteza nini sasa hivi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni biashara zipi ndani ya mwendo wa saa mbili kutoka hapa ambazo mgeni mmoja au oda moja huzipa zaidi ya shilingi 20,000? Nani kati yetu anamjua mtu huko?

2. Fungueni tovuti ya mojawapo kwenye simu ya mwanakikundi. Mgeni asiyejua Kenya angekwama wapi?

3. Mteja akikataa kulipa sehemu ya mwisho, mapatano yetu yanasema nini? Kama hayasemi, tuongeze maneno gani?