SOMO LA KIDIJITALI: Programu za bure kwa wanaochora mabango, nembo na kadi

Karibu kila soko katika kaunti lina kibanda kinachotegemewa na eneo zima. Hapo ndipo kadi za harusi hutengenezwa, vijitabu vya mazishi hupangwa usiku wa kuamkia maziko, fulana za vikundi huchapishwa na mabango ya maduka mapya huchorwa. Mara nyingi kibanda hicho hicho ndicho saiba ya mtaa: mteja mmoja anataka kadi, mwingine anataka kujaziwa ritani ya KRA, wa tatu amekuja na kitambulisho chake kitolewe nakala. Kazi hizi zote hufanyika kwenye kompyuta moja, na jambo hilo tutalirudia baadaye kwa sababu ni zito.

Somo hili ni la wenye vibanda hivyo, vijana wanaojifunza usanii wa kompyuta, wapiga picha, na yeyote anayetengeneza matangazo ya kikundi au kanisa lake. Tunaeleza programu zinazopatikana bila malipo na kwa njia halali, mambo mapya yaliyotokea hivi karibuni, na kisha tunafanya kazi moja pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

KWA NINI TUNALIZUNGUMZIA

Mwaka 2013 kampuni ya Adobe, inayotengeneza Photoshop na Illustrator, ilitangaza kwamba matoleo yake mapya hayatauzwa tena mara moja tu, bali yatalipiwa kwa usajili. Kwa ofisi kubwa hilo si neno. Kwa kijana anayepata kazi ishirini mwezi wa Desemba na mbili mwezi wa Januari, malipo ya kila mwezi ni mzigo. Ndiyo maana programu zilizovunjwa kufuli zimejaa kwenye flashi zinazozungushwa mitaani.

Tazama maagizo yanayoandamana na programu hizo. Karibu yote huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi kwanza. Hapo hapo ungejiuliza: mgeni anayeomba uwafungie mbwa kabla hajaingia uani, ana nia gani? Programu nyingi za aina hiyo hubeba nyingine ndani yake, inayokusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma mbali. Kwenye kompyuta ya saiba, nywila hizo si zako peke yako. Kuna za iTax na eCitizen za wateja, kuna barua pepe zao, na kwenye folda kuna nakala za vitambulisho na picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humwajibisha anayehifadhi taarifa za watu wengine kuzilinda. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo huilinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu, kwa hiyo kuinakili na kuitumia kibiashara bila ruhusa ni kosa.

PROGRAMU ZENYEWE

Programu nyingi tunazozitaja hapa zimetolewa chini ya leseni huria. Maana yake ni kwamba unaruhusiwa kuzitumia kujipatia riziki, kuziweka kwenye kompyuta kumi ukipenda, na kumpa mwenzako. Hakuna bili itakayokuja baadaye.

GIMP ni ya kuhariri picha. Ilianza mwaka 1995 kama kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi, na lina badiliko moja ambalo wapiga picha watalifurahia: ukiongeza mwanga au ukungu juu ya picha, unaweza kurudi kesho na kulirekebisha au kuliondoa bila kuiharibu picha ya chini. Wageni wa GIMP hukwama mahali pamoja. Ukihifadhi kwa njia ya kawaida, unapata faili ya XCF ambayo mteja hawezi kuifungua kwenye simu. Ili kupata JPEG au PNG, bonyeza Ctrl, Shift na E kwa pamoja. XCF weka kwako. Hiyo ndiyo shamba, JPEG ni mavuno tu.

Inkscape ni ya nembo, mabango na stika. Tutaitumia katika zoezi letu. Krita ni ya wachoraji wa mkono, hasa wenye kibao cha kuchorea na kalamu yake. Ukiikuta Krita ikiuzwa kwenye duka la Microsoft, usishtuke: hiyo ni njia ya kuwachangia watengenezaji, na kwenye tovuti yao wenyewe ni bure. Scribus hupanga kurasa za vijitabu na magazeti, na inatoa PDF yenye rangi za uchapishaji. Audacity hurekodi na kuhariri sauti, na inatosha kabisa kwa kwaya, matangazo ya redio na vipindi vya mtandaoni. Kwa video kuna Kdenlive. Kama kompyuta yako ni dhaifu, iambie Kdenlive itengeneze nakala nyepesi za video za kufanyia kazi, nayo itarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho.

Blender, ya katuni na michoro yenye kina, inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi; chini ya gigabaiti 8 za kumbukumbu utapata taabu. Lakini asikudanganye mtu kwamba kitu cha bure ni cha watoto. Filamu ya katuni iitwayo Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, na Machi 2025 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni.

Habari nyingine inahusu Affinity. Zamani ilikuwa ya kulipia. Kampuni ya Canva iliinunua mwaka 2024, na tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 programu hiyo inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni nzuri, na kwa kazi za kuchapisha iko mbele ya GIMP. Tofauti ni kwamba hii si huria. Ni mali ya kampuni, na kampuni inaweza kubadilisha masharti. Ukiitumia, kila kazi muhimu ihifadhi pia kama PDF au SVG, ili isibaki imefungwa ndani ya programu moja.

Wasio na kompyuta yao wenyewe wana njia mbili. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, na husoma faili za Photoshop. Pia zipo GIMP, Inkscape na Audacity za kubebwa kwenye flashi, zinazopatikana kwenye tovuti ya PortableApps.com; unachomeka, unafanya kazi, unaondoka na faili zako. Mwombe mwenye saiba ruhusa kwanza.

ZOEZI: NEMBO YA CHAMA KUTOKA KWENYE PICHA YA SIMU

Kikundi cha akina mama kinataka bango la mita 2. Nembo yao iko kwenye karatasi moja tu, na mweka hazina amekutumia picha yake kwa WhatsApp. Tuseme picha ina pikseli 1,600 kwa upana. Mita 2 ni karibu inchi 79, kwa hiyo kila inchi ya bango itapata pikseli 20 hivi. Bango linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara si lazima lifikie 300 kwa inchi kama kadi, lakini 20 ni chache mno. Kingo za herufi zitaonekana kama ngazi.

Dawa yake ni mchoro wa vekta. Picha ya kawaida ni shanga zilizopangwa. Ukiivuta, shanga zinakuwa kubwa. Vekta ni maelezo ya mistari: anza hapa, pinda hivi, ishia pale. Kompyuta huichora upya kwa ukubwa wowote, na mistari hubaki laini kwenye kalamu na kwenye ukuta wa jengo.

Anza kwa kupata picha bora. Mwombe mweka hazina alete karatasi yenyewe, uiskani. Ikishindikana, aitume picha kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Ipigwe mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila kivuli cha mkono.

Fungua Inkscape, kisha bonyeza Ctrl na I kuiingiza picha. Ibonyeze mara moja kuichagua. Kwenye menyu ya Path chagua Trace Bitmap. Dirisha litafunguka upande wa kulia, na ndani yake kuna kipimo cha mwanga, kuanzia sufuri hadi moja. Mistari ikikatika, kiongeze kidogo kidogo. Madoa ya karatasi yakianza kuonekana, kipunguze. Usiwe na haraka hapa. Dakika tano kwenye kipimo hiki zitakuokolea saa nzima mbele.

Ukibonyeza Apply, utadhani hakuna kilichotokea, maana mchoro mpya umekaa juu kabisa ya picha ya zamani. Uvute kando uuone, kisha ufute picha. Sasa bonyeza herufi N kwenye kibodi. Vitapokea vidoti vingi kuzunguka mistari. Kila kidoti kinaweza kusogezwa au kufutwa. Vikiwa vingi mno, bonyeza Ctrl na L mara moja, navyo vitapungua. Mara mbili au tatu, na nembo itaanza kuyeyuka kama sabuni, kwa hiyo angalia.

Maandishi ya nembo ni afadhali uyaandike upya kuliko kuyatoa kwenye picha. Tafuta fonti inayofanana, andika jina la chama, liweke mahali pake. Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji, hifadhi nakala yako, kisha chagua maandishi hayo na kwenye menyu ya Path ubonyeze Object to Path. Hatua hii huyageuza maandishi kuwa michoro. Usipofanya hivyo, na kompyuta ya mchapishaji haina fonti uliyotumia, jina la chama litachapishwa kwa herufi nyingine, na hasara ya bango itakuwa yako. Baada ya hatua hii huwezi tena kusahihisha tahajia, ndiyo maana nakala ya kwanza ni muhimu.

Hifadhi kama SVG kwa ajili yako na kama PDF kwa mchapishaji. Faili hizo ndizo pia zinazotakiwa na mashine nyingi za kukata stika za magari. Kuhusu rangi, skrini huonyesha rangi kwa mwanga na karatasi huzionyesha kwa wino, kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye kompyuta kinaweza kupoa kikichapishwa. Chapisha kipande kidogo kwanza, mwonyeshe mteja, akubali.

PAKUA MAHALI SALAMA

Matangazo ya kulipia yanayotangulia matokeo ya utafutaji si dalili ya uhalali. Mwaka 2022 tangazo kwenye Google lilionyesha anwani ya GIMP, lakini aliyelibonyeza alipelekwa kwenye tovuti bandia yenye programu ya kuiba nywila. Andika anwani mwenyewe: gimp.org, inkscape.org, krita.org, scribus.net, audacityteam.org, kdenlive.org, blender.org. Ikiwa tovuti inakutaka ulipe au uzime kinga ya virusi, uko mahali pasipo.

Jambo la karibu na hilo: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za vibanda bado zina Windows hiyo na haziwezi kupokea Windows 11. Kabla ya kuitupa mashine nzima, ijaribu Linux Mint, ambayo pia ni bure. Programu zote huria tulizozitaja hufanya kazi ndani yake. Affinity ndiyo haina toleo la Linux.

HAKI YA KAZI YAKO

Picha uliyoitoa kwenye Google si ya bure kwa sababu tu inaonekana. Tafuta picha ambazo mwenyewe ameruhusu zitumike, na usome kama ruhusa hiyo inahusu biashara. Fonti za Google Fonts zimeruhusiwa kutumika kwenye kazi za kuuzwa.

Mchoro uliouchora mwenyewe una hakimiliki tangu ulipouchora. Kuusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kunakupa ushahidi ukizuka ubishi. Mteja anayetaka nembo yake iwe alama ya biashara isiyotumiwa na mshindani aende kwa taasisi nyingine, KIPI, inayosajili alama za biashara. Na siku ya kupokea malipo ya awali, andikeni kwenye risiti ni nani atakayebaki na faili ya SVG, na kama mteja anaruhusiwa kuipeleka kwa mchapishaji mwingine.