Maana ya Lijamu, Hatamu na Matandiko

Hapa kwetu Sola farasi ni mgeni. Tunao punda, nao huongozwa kwa fimbo. Kwa hiyo isomwapo Yakobo 3:3, wengi hudhani lijamu ni kamba ya shingoni. Sivyo. Lijamu ni chuma kipitacho kinywani mwa mnyama, juu ya ulimi. Hatamu ni ukanda uliofungwa katika chuma kile, nao hushikwa na mpandaji. Mkono huvuta hatamu, hatamu huvuta lijamu, na kichwa kikigeuka mwili wote hufuata. Asiyejua hayo ataonaje kwa nini mtume ataja usukani wa merikebu, kisha ulimi?

Maneno hayo mawili yametoka katika Kiarabu, kadhalika seruji, tandiko la kupandia. Vikuku ni vya kutilia miguu. Bali tandiko ni neno letu la Kibantu, kama tutandikavyo kitanda. Basi Abrahamu alipomtandika punda (Mwanzo 22:3) hakumpiga, kama kijana mmoja alivyotujibu darasani!

Na punda zetu wachukuao maji hufungwa madumu kwa kamba tupu, hata migongo ikatoka vidonda. Gunia lililokunjwa, likatangulia kuwekwa chini ya kamba, ni tandiko tayari.