UHURU WA KUSEMA NA MIPAKA YAKE

Mtafuta haki huuliza: Je, sheria yapasa kumwachia kila mtu aseme apendavyo? Mataifa hayajibu namna moja.

Katika Marekani, badiliko la kwanza la Katiba, lililothibitishwa mwaka 1791, laizuia serikali isipunguze uhuru wa kusema. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba hata mwenye kuhubiri fujo haadhibiwi, ila maneno yake yakikusudia kuchochea uhalifu wa papo hapo na yakielekea kuuleta.

Ujerumani, iliyoonja machungu ya utawala wa Hitler, yalinda maoni kwa Katiba ya mwaka 1949. Lakini kukanusha hadharani mauaji ya Mayahudi kwaweza kumfunga mtu hadi miaka 5.

Pakistan nayo, katika kifungu cha 19 cha Katiba ya mwaka 1973, yaahidi uhuru wa kusema. Hata hivyo, kwa amri ya mwaka 1984, Mwahmadiyya akijiita Mwislamu, au akiadhini, aweza kufungwa hadi miaka 3.

Tazameni tofauti. Mipaka ile miwili ya kwanza, ijapokuwa hailingani, yataka mtu asidhuriwe. Huu wa tatu wamwadhibu mtu kwa kuitaja imani yake tu.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'am, yamkataza muumini kuyatukana yaabudiwayo na wengine. Basi mpaka wa kwanza na uwe katika ulimi wetu wenyewe. Na aiombaye serikali imnyamazishe jirani yake akumbuke kwamba kesho amri hiyo hiyo yaweza kumgeukia yeye.